Boti Kubwa au Boti Ndogo? Mazungumzo kwa Wakazi wa Didia Wanaojiandaa kwa Matembezi ya Ziwani



Ziwa Victoria limefika Shinyanga kwa mabomba kabla wakazi wengi hawajalifikia wao wenyewe. Tangu mwaka 2009, mradi wa maji unaovuta kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, ulipozinduliwa, maji ya ziwa hilo yamekuwa yakisukumwa hadi Shinyanga na Kahama. Wapo watu wazima ambao wameyanywa miaka yote hiyo, wakayapikia, wakayafulia nguo, na hawajawahi kuketi ndani ya boti hata mara moja. Si aibu. Hii ni nchi ya mbuga, mpunga, pamba na ng'ombe. Maji makubwa ambayo mtoto wa huku huyaona ni ya lambo, na kuogelea hujifunza huko kwa siri, mama asipojua.

Siku hizi, hata hivyo, safari za kwenda kulitazama ziwa zimeongezeka. Vikundi vya kuweka na kukopa vikigawana akiba mwishoni mwa mwaka hutenga fungu la matembezi. Kwaya hualikwa Mwanza. Wazazi huchanga ili wanafunzi wakaione Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, ambayo yote ni ya kilomita za mraba zisizofika 3 na imo ndani ya Jiji la Mwanza. Wachimbaji wa dhahabu waliopata riziki Geita au Mwakitolyo hutaka kuwatembeza wake zao majini siku ya sikukuu. Na tangu tarehe 19 Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, msafiri wa Mwanza na Geita ameondokewa na ulazima wa kusubiri kivuko mahali pale. Kwa watu wengi wa ukanda huu, kupanda chombo cha majini kumeanza kuwa jambo la hiari na la starehe. Mtu anayekwenda kwenye starehe huuliza maswali machache kuliko anayekwenda kwenye shughuli, na hapo ndipo penye sababu ya mazungumzo haya.

Mfano utakaotumika ni wa kikundi cha kubuni. Hakina jina, wala bei na hesabu zake si za mtu yeyote. Lakini wengi wenu mtakitambua.

Kikundi hicho kina wanachama 22, wengi wao kina mama, na kimefika Mwanza kwa basi la kukodi kikiwa na watoto 8. Jumla ni watu 30. Ni saa nne asubuhi, jua limekaa vizuri, na mwaloni zipo boti mbili za matembezi. Ya kwanza ni ndogo: mita 6, rangi nyekundu inayong'aa, injini moja ya nguvu za farasi 40. Ya pili ni kubwa: mita 11, imefunikwa kwa turubai juu, rangi imepauka, na ina injini mbili za nguvu za farasi 60 kila moja. Ile ndogo hukodishwa kwa shilingi 90,000 kwa saa, na kubwa kwa shilingi 200,000. Mhazini ana shilingi 300,000 mkobani zilizotengwa kwa kazi hiyo, na hana ruhusa ya kuongeza hata mia.

Watoto, kama ilivyotarajiwa, wanaitaka nyekundu.

Mwenyekiti wa kikundi ni mama wa makamo ambaye naye hajawahi kupanda boti. Nahodha wa boti kubwa, kijana mwenye heshima zake, anamwendea na kumpigia hesabu iliyonyooka. "Shikamoo mama. Yangu inabeba 20, ya mwenzangu inabeba 8. Mnachukua zote mbili kwa saa moja, ni laki mbili na tisini, na elfu kumi inabaki ya soda." Mwenyekiti anaitikia, kisha anauliza: "Ishirini na wanane ni ishirini na wanane, mwanangu. Hao wawili wanaobaki je?" Nahodha anacheka kidogo. "Mama, si kuna watoto? Wale wadogo wawili watapakatwa. Mtoto wa kupakatwa hahesabiwi."

Kila mkazi wa Didia amekwisha kulisikia neno hilo. Hulisikia kwenye basi na kwenye mchomoko wa kwenda Tinde, ambako gari la watu wanne hubeba wanane na mtoto huwa ni kitu cha kujazia nafasi kati ya goti na mlango. Barabarani tabia hiyo ni mbaya na imekwisha kuua. Majini ina ubaya wake wa namna nyingine, na unahitaji kuelezwa taratibu, kwa sababu uchaguzi wa boti kubwa au ndogo umefungamana nao.

Gari limesimama juu ya ardhi. Mizigo ikizidi, chuma hulalamika, gurudumu hupasuka, lakini ardhi haiondoki. Boti imesimama juu ya kitu kinachosogea, na yenyewe hujishikilia wima kwa mizani ya uzito: uzito ukiwa chini na katikati, boti ikiinama hurudi, uzito ukipanda juu au ukihamia upande mmoja, boti ikiinama huendelea kuinama. Kwa hiyo idadi iliyoandikwa kwenye cheti cha boti haihesabu nafasi za kukaa peke yake. Inahesabu uzito, mahali uzito huo utakapokuwa, na uwezekano wa watu kusogea wote kwa pamoja. Mtoto aliyepakatwa na mama yake ameongeza uzito, na ameuweka juu zaidi ya pale ambapo angeketi mwenyewe. Zaidi ya hayo, amemfunga mama mikono yote miwili. Iwapo wataanguka majini, mama huyo atakuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja, na jaketi moja.

Waliokuwa watu wazima mwaka 2018 hawajasahau tarehe 20 Septemba. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kinakaribia gati la Bwisya katika kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliopoteza maisha walikuwa 228, na waliookolewa walikuwa 41. Msomaji hahitaji kuwa mhandisi ili ajumlishe namba hizo na kuona kwamba waliokuwamo walizidi mara mbili ya waliotakiwa kuwamo. Nchi kavu ilikuwa karibu. Watu waliokuwa wakisubiri ndugu zao waliiona ajali kwa macho. Kabla ya hapo, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuondoka na mamia ya watu. Vyombo vyote viwili vilikuwa vikubwa kuliko boti zote mbili za mfano wetu. Imani ya kwamba chombo kikubwa ni salama kwa sababu ni kikubwa haina ushahidi katika historia ya ziwa hili. Chombo kikubwa kina hatari yake mahususi: kwa kuwa kimepana, mtu mmoja wa ziada haonekani, wala watano hawaonekani, na kila anayeingia huona bado ipo nafasi.

Boti ndogo haifichi siri hiyo. Mtu mzima mmoja akisimama ghafla kupiga picha, boti nzima hujua. Kati ya watu 8, mmoja ni sehemu ya nane ya mzigo wote, na akihama kutoka ubavu wa kulia kwenda wa kushoto, maji huonekana yakipanda upande aliouelekea. Nahodha mzuri wa boti ndogo huwapanga abiria wake kabla ya kung'oa nanga: wazito katikati, watoto kati ya watu wazima, hakuna wa kukaa ukingoni, hakuna wa kusimama. Asiyefanya hivyo hafai, hata kama boti yake inang'aa.

Ipo kanuni moja rahisi ambayo mtu yeyote mwenye futi ya fundi anaweza kuitumia. Hutumika Marekani kwa boti fupi zisizofika futi 20, na ni hii: zidisha urefu kwa upana, vyote kwa futi, kisha gawanya kwa 15. Boti ya futi 19 yenye upana wa futi 7 hutoa 133; ukigawanya kwa 15 unapata 8 na kitu. Hicho "kitu" hakihesabiwi. Ni watu 8, na nahodha ni mmoja wao. Kanuni hiyo inadhani kwamba mtu ana wastani wa kilo 68 na kwamba maji yametulia. Watu wakiwa wanene, au mawimbi yakiwapo, idadi hushuka. Haitumiki kwa boti ndefu, na haichukui nafasi ya cheti. Faida yake ni kumpa mtu wa kawaida njia ya kujua kama anayoambiwa yanaelekea ukweli.

Mwenyekiti hakuwa na futi. Alichofanya ni kuomba kuonyeshwa cheti. Hapa nchini vyombo vidogo vya majini hukaguliwa na kupewa leseni na Shirika la Wakala wa Meli Tanzania, linalojulikana zaidi kwa jina la TASAC, na abiria ana haki ya kuuliza iwapo chombo kimekaguliwa na kimeruhusiwa kubeba watu wangapi. Nahodha wa boti nyekundu alikuwa nacho. Kiliandika watu 8, pamoja na nahodha. Kumbe abiria walikuwa 7. Hesabu iliyonyooka ya 28 ilikuwa imekwisha kupinda, na waliobaki nje sasa walikuwa watatu, si wawili.

Kisha akaomba kuhesabu jaketi okozi. Hili ni jambo ambalo watu wengi huona haya kulifanya, kana kwamba ni kumshuku mwenye chombo. Katika boti ndogo alikuta saba, zote za watu wazima. Jaketi la mtu mzima akivishwa mtoto wa miaka mitano halimsaidii: akianguka majini jaketi hupanda, yeye hushuka, na shingo hutoka kupitia mahali pa mikono au kichwa huzama ndani ya kola. Jaketi linalomfaa mtoto ni lile ambalo, akishikwa mabegani mwa jaketi na kuinuliwa kidogo, halimpiti kidevu na masikio. Jaribio hilo huchukua nusu dakika kwa kila mtoto na hufanyika nchi kavu. Katika boti kubwa zilikuwapo jaketi 24, na sita kati yake zilikuwa ndogo.

Basi mpaka hapo mtu angesema jibu limepatikana: boti kubwa. Lakini haikuwa hivyo moja kwa moja, kwa maana boti kubwa ina gharama zake, na ndogo ina sifa zake ambazo si haki kuzipuuza.

Boti ndogo hula mafuta kidogo. Kwa makadirio yanayotumiwa sana na mabaharia, injini ya petroli ikiendeshwa kwa nguvu zote hutumia takriban lita 15 kwa saa kwa kila farasi 40. Boti nyekundu, kwa hiyo, ingetumia lita 15. Ile kubwa yenye farasi 120 ingetumia kama 45. Ikiendeshwa taratibu matumizi hupungua sana, na kwa matembezi ya kutazama mandhari hakuna haja ya kukimbia. Boti ndogo pia huweza kusogea karibu na miamba, kama Jiwe la Bismarck ambalo kila mgeni wa Mwanza hutaka kulipiga picha, na huweza kupanda mchangani pasipo gati. Hili la mwisho lina upande wa pili: abiria hulazimika kukanyaga maji ili kupanda na kushuka, na maji ya kando kando ya Ziwa Victoria yana kichocho katika maeneo mengi. Mwenye watoto na achague chombo kinachopandiwa gatini, au wabebwe hadi ndani bila kuloweka miguu.

Boti kubwa, kwa upande wake, ina urefu wa kuyapanda mawimbi. Mawimbi ya ziwani ni tofauti na ya bahari kuu. Yanakuja mafupi, yamekaribiana, na yamesimama wima. Boti ya mita 6 hupanda wimbi moja, ikashuka, na kabla omo haijainuka wimbi la pili limekwisha kuifikia. Abiria wa mbele hurushwa, wa nyuma hulowa. Ya mita 11 hulalia mawimbi mawili kwa pamoja na hutulia zaidi. Kuwa na injini mbili nako ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Injini moja ikizimika, boti nyekundu hugeuka kipande cha ubao kinachopelekwa na upepo; boti kubwa hurudi nyumbani polepole kwa injini iliyobaki, ilimradi kila injini ina njia yake ya mafuta. Tangi likiwa moja na lina maji ndani, injini mbili huzimika pamoja.

Kuna jambo jingine kuhusu injini ambalo wauzaji hawalitaji. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Tanga, na injini ya kawaida hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Farasi 40 za kwenye karatasi ni kama 36 za Mwanza. Boti iliyokuwa ikiinuka na kuteleza juu ya maji pwani, ikijazwa watu hapa hushindwa kuinuka. Huyalima maji kama jembe la ng'ombe kwenye udongo wa mbuga, ikila mafuta mengi na kwenda kidogo. Fundi mwenye ujuzi hubadili rafadha, yaani yale mapanga yanayozunguka chini ya maji, na kuweka inayolingana na mahali. Kwa abiria wa saa moja hili si la kumsumbua. Kwa anayefikiria kununua, ni la kuuliza kabla ya kutoa fedha.

Na wapo wanaofikiria kununua. Vikundi vinavyoomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile inayogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, huja na mawazo ya kila namna, na wazo la boti ya matembezi halitakuwa la ajabu kuliko mengine. Yeyote mwenye wazo hilo na akumbuke kwamba boti haipo Didia. Itakaa mwaloni, mbali na macho ya wanakikundi, ikihitaji mlinzi, nahodha mwenye sifa, ukaguzi, leseni na matengenezo. Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza, swali la mita 6 au mita 11 hujibiwa na idadi ya wateja wa siku za kawaida. Sikukuu ya Idi na Krismasi boti kubwa itajaa. Jumanne moja ya mwezi Februari, wapo wateja wanne tu, na boti kubwa inakunywa mafuta mengi iwe na wanne au ishirini. Kikundi ambacho hakijafanya kazi hiyo hata siku moja kingefanya vyema kukodi boti ya mtu mwingine kwa msimu mmoja na kuandika kila shilingi, kabla ya kumiliki.

Turudi mwaloni, ambako muda unakwenda.

Muda ni sehemu ya uchaguzi huu. Kwa desturi ya hali ya hewa ya ziwa hili, mvua za radi juu ya maji huwa nyingi usiku na alfajiri. Kukipambazuka vizuri, asubuhi hutulia. Mchana nchi kavu ikipata joto, upepo huanza kuvuma kutoka ziwani kuelekea pwani na mawimbi huongezeka kadiri alasiri inavyosogea. Miezi ya Juni hadi Agosti pepo za kusini-mashariki huwa na nguvu zaidi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri unaohusu ziwa, upepo na mawimbi, na simu ya kawaida au redio inatosha kuupata. Boti ya mita 6 inayofaa kabisa saa nne asubuhi inaweza kuwa haifai saa tisa alasiri, pale pale, na abiria wale wale. Mahali nako huamua. Maji ya karibu na jiji, yaliyokingwa na nchi kavu na visiwa, si sawa na maji ya kuelekea Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977 katika Mkoa wa Geita, ambako mwenye kuondokea Nkome husafiri masafa marefu zaidi kwenye maji yaliyo wazi kuliko mwenye kuondokea upande wa Muganza. Boti isiwe jambo la kwanza kuulizwa. Kwanza ni maji gani, saa ngapi, watu wangapi. Boti huja ya nne.

Katibu wa kikundi, mzee mmoja makini, alitoa pendekezo lake. "Mama mwenyekiti, watatu watu wazima tubaki ufukweni, wengine mwende kwa boti zote mbili. Mimi nitakuwa wa kwanza kubaki." Lilikuwa pendekezo la heshima na lilitimiza cheti. Lakini lingeacha abiria saba katika boti isiyo na jaketi la mtoto hata moja, na watoto ndio hasa walioililia boti hiyo. Ingebidi watoto wote wanane waingie kubwa, yenye jaketi ndogo sita. Wawili wangekosa tena. Kila hesabu ya mwenda huo ilikuwa ikirudi kwa watoto wawili.

Mwenyekiti aliketi juu ya ukingo wa saruji, akachukua daftari la kikundi, lile la hisa na faini, akaandika nyuma yake. Watu 30, mafungu mawili ya 15. Kila fungu watu wazima 11 na watoto 4. Boti kubwa peke yake, mara mbili. Jaketi ndogo sita zinatosha watoto wanne. Abiria 15 kati ya 20 wanaoruhusiwa. Kwa saa moja kila fungu, bei ni shilingi 400,000, na mhazini hana. Kwa dakika 45 kila fungu, ni saa moja na nusu kwa jumla: shilingi 300,000 kamili. Soda hakuna.

Manung'uniko yalikuwapo. Watu wametoka Didia alfajiri, wamelala njiani, kisha wapate dakika 45. Mama mmoja alisema waziwazi kwamba fedha ni zao na wamezitolea jasho. Nahodha wa boti ndogo, aliyepoteza biashara, alisema kwamba yeye amebeba hata watu 12 na hakuna aliyekufa. Huenda alisema kweli. Boti iliyozidishiwa mzigo hurudi salama siku nyingi, na kila inaporudi humfundisha mwenyewe kwamba hakuna ubaya, mpaka siku inapokutana na wimbi la pembeni, au abiria wote wanapokimbilia upande mmoja kumtazama ndege.

Mwenyekiti hakubishana naye. Alimwambia tu, "Asante baba, siku nyingine tukiwa saba tutakuja kwako," na alikuwa na maana hiyo hasa, kwa kuwa kwa watu saba wazima, asubuhi tulivu, karibu na ufukwe, na jaketi zote saba zikiwa nzima, boti nyekundu ingekuwa chaguo jema na la bei nafuu.

Kabla fungu la kwanza halijapanda, alimwomba nahodha wa boti kubwa aonyeshe mambo matatu: kifaa cha kuzimia moto kiko wapi, maji yakiingia ndani yanatolewa kwa nini, na ile kamba fupi inayofungwa kwenye mkono wa nahodha ili injini izime akianguka, je, anaivaa? Kamba ilikuwapo, imening'inia kwenye usukani. Kijana aliivaa, akiona haya kidogo. Akaulizwa pia kama simu yake ina chaji na kama anajua kupiga 112 ya polisi na 114 ya zimamoto na uokoaji. Alijua.

Watoto walivishwa jaketi nchi kavu na kuinuliwa mabegani mmoja mmoja, jambo lililowachekesha sana. Hakuna aliyepakatwa. Kila mtoto aliketi kati ya watu wazima wawili, na mmoja wao alitajwa kwa jina mbele ya wote kwamba ndiye mwenye mtoto huyo mpaka washuke.

Katibu, aliyekuwa katika fungu la pili, aliandika majina ya waliopanda, 15, umri wa watoto na namba ya simu ya ndugu mmoja wa kila mwanachama aliyebaki Didia. Aliandika nakala mbili. Moja aliiweka mfukoni. Ya pili akampa dereva wa basi, pamoja na jina la boti na saa ya kurudi, na maelekezo kwamba ikipita dakika kumi bila boti kuonekana, asisubiri kuulizwa, apige simu. Dereva aliisoma, akaikunja, akaibana kwenye kioo cha mbele mahali pa kuionea. Injini ziliwashwa saa tano kasorobo.